Namba Iliyomfunga Mama

Novemba 1999, katika mahakama ya mji wa Chester, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, daktari bingwa wa magonjwa ya watoto aitwaye Roy Meadow alitoa ushahidi uliobebwa na namba moja. Mshtakiwa alikuwa Sally Clark, mwanasheria, aliyefiwa na watoto wawili wa kiume: wa kwanza Desemba 1996 akiwa na umri wa wiki kumi na moja, wa pili Januari 1998 akiwa na wiki nane. Daktari aliwaeleza juri kwamba katika familia yenye kipato, isiyo na mvutaji sigara, na ambayo mama amevuka miaka 26, watoto wawili kufa ghafla bila sababu inayojulikana ni jambo linaloweza kutokea mara moja katika milioni 73. Ili waipate picha, akalinganisha na farasi asiyetarajiwa kabisa kushinda mbio kubwa za Uingereza miaka minne mfululizo. Juri ni raia wa kawaida wanaoamua wenyewe kama mtu ana hatia, tofauti na wazee wa baraza wa mahakama zetu waliokuwa wakitoa maoni tu. Wakaamua kwa kura kumi dhidi ya mbili. Clark akafungwa maisha kwa kuwaua wanawe.

Namba ile ilikuwa na makosa mawili, na inafaa kuyatazama moja moja, kwa sababu hayakuishia Chester. La kwanza ni la hesabu yenyewe. Utafiti wa vifo vya watoto wachanga nchini humo ulionyesha kuwa katika familia za aina hiyo, kifo kimoja cha ghafla hutokea katika watoto 8,543. Meadow alichukua 8,543 akaizidisha kwa 8,543, akapata karibu milioni 73. Kuzidisha hivyo ni halali pale tu ambapo tukio la kwanza halina uhusiano wowote na la pili, kama kurusha sarafu mara mbili. Ndugu wawili wa tumbo moja si sarafu. Wanarithi damu ya wazazi walewale, wanalala katika nyumba ileile, wanavuta hewa ileile. Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa jambo hili karibu naye. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba chake bila kuugua, kila mtoto wao ana uwezekano wa moja kwa nne wa kuzaliwa na ugonjwa, hata kama katika taifa zima wanaouugua ni wachache. Miaka ambayo kipimo kilikuwa hakifiki vijijini, nyumba moja ingeweza kuzika watoto watatu huku jirani akilea saba. Anayechukua wastani wa taifa na kuuzidisha mara tatu atapata namba ya kutisha, na namba hiyo haitakuwa na habari yoyote kuhusu nyumba ile.

Kosa la pili ni zito zaidi kwa sababu halionekani upesi. Hata kama namba ingekuwa sahihi, haikujibu swali lililokuwa mbele ya mahakama. Mtu akikutwa amekufa asubuhi chini ya mwembe uliobabuka baada ya mvua ya usiku, hatusemi kwamba radi humpiga mtu mmoja tu kati ya malaki, na kwa hiyo huyu lazima ameuawa na mkewe. Kifo kimekwisha kutokea. Lililobaki ni kulinganisha maelezo yaliyopo: ni lipi adimu zaidi, radi au mke muuaji? Watoto wawili kufa ghafla kwa sababu za asili ni nadra sana. Mama mwenye akili timamu, asiye na historia ya ukatili, kuwaua watoto wake wawili mmoja baada ya mwingine nako ni nadra sana. Aliyefanya ulinganisho huo ni Ray Hill, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Salford, na alikadiria kwamba vifo viwili vya asili vina uwezekano mkubwa kuliko mauaji mawili kwa kati ya mara nne na nusu na mara tisa. Chama cha Kifalme cha Takwimu cha Uingereza kilitoa tamko hadharani Oktoba 2001 kuikana hesabu ya Chester. Lakini mwaka mmoja kabla, rufaa ya kwanza ya Clark ilikuwa imeshatupwa. Majaji walikiri kuwa namba ilikuwa na kasoro, wakaona haikubadilisha uamuzi. Naona vigumu kuamini kwamba raia kumi na wawili wanaweza kuambiwa na profesa kuwa jambo hutokea mara moja katika milioni 73, kisha wakaingia chumba cha faragha wakalisahau.

Meadow hakuwa mganga wa kubahatisha, na kumchora hivyo ni kuikimbia hoja. Mwaka 1977 alichapisha katika jarida la Lancet maelezo ya akina mama wawili: mmoja alikuwa akiharibu sampuli za mkojo wa mtoto wake ili aonekane mgonjwa, mwingine akimlisha mtoto chumvi hadi ikamuua. Alilipa tatizo hilo jina, na ugunduzi wake ulikuwa wa kweli. Kabla yake madaktari wengi hawakuwa tayari hata kufikiri kwamba anayemleta mtoto hospitali akilia ndiye anayemdhuru. Lakini ugunduzi ule ulizaa kanuni iliyokuja kuitwa kwa jina lake: mtoto mmoja kufa ghafla ni msiba, wawili ni mashaka, watatu ni mauaji hadi ithibitishwe vinginevyo. Itazame kanuni hiyo kwa makini. Haina uchunguzi wa maiti, haina shahidi, haina jeraha. Ina hesabu ya makaburi tu. Na maneno ya mwisho yanapindua kanuni kuu ya sheria ya jinai, kwa kuwa sasa mama ndiye anayetakiwa kuthibitisha kilichowaua wanawe, jambo ambalo daktari mwenyewe ameshindwa.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote. Kifo cha ghafla cha mtoto mchanga ni jina tunalokipa kifo baada ya kutafuta sababu na kuikosa, kwa hiyo jina lenyewe ni ungamo la kutojua. Kesi za akina mama kama Clark zilikuwa, kimoja baada ya kingine, visa vya kutojua huko kugeuzwa kuwa ushahidi. Daktari alikuwa akisimama mahakamani na kusema, kwa ufupi, "sijui sababu ya asili inayoweza kueleza vifo hivi," na sentensi hiyo ikipita katika masikio ya juri ilitoka upande wa pili ikiwa "hakuna sababu ya asili." Tofauti kati ya sentensi hizo mbili ni maisha ya mtu gerezani.

Na tiba ilikuwa na sababu za kutosha za kujihadhari na kutojua kwake. Kwa miongo kadhaa wataalamu wa nchi za Magharibi waliwashauri wazazi kuwalaza watoto wachanga kifudifudi. Ushauri huo ulitoka kwenye vitabu na kwenye midomo ya wauguzi wa kliniki. Mwishoni mwa 1991 Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali, na ndani ya miaka michache vifo vya ghafla vilipungua kwa zaidi ya nusu. Maana yake watoto wengi walikuwa wamekufa wakiwa wamelazwa namna ile mama zao walivyofundishwa. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo, na haikupasa ashtakiwe yeyote, kwa kuwa waliotoa ushauri hawakujua. Msamaha huo ambao fani ya tiba ilijipa yenyewe, wa kutohesabiwa hatia kwa kisichojulikana, ndio mama wa Chester alionyimwa.

Kilichomwokoa Clark hatimaye hakikuwa takwimu. Daktari aliyechunguza maiti za watoto wake, Alan Williams, alikuwa ameandika kuwa wa kwanza alikufa kwa maambukizi ya njia ya hewa. Alipokufa wa pili, alirudi nyuma akabadili maoni yake kuhusu wa kwanza. Mwili ulikuwa ni uleule na ripoti ileile, kilichobadilika ni idadi ya makaburi. Baadaye, katika kumbukumbu za hospitali, yalipatikana majibu ya maabara yaliyoonyesha bakteria wa Staphylococcus aureus katika sampuli za mtoto wa pili, hata katika maji ya uti wa mgongo. Daktari yule alikuwa nayo tangu 1998 na hakuyatoa kwa upande wa utetezi. Januari 2003 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu, na majaji wakasema kuwa hata ile namba, kama ingejadiliwa kikamilifu, huenda ingetosha kuifuta. Sally Clark alikuwa amekaa gerezani zaidi ya miaka mitatu, mahali ambapo muuaji wa watoto huchukiwa kuliko wafungwa wote. Hakupona. Alifariki Machi 2007 kwa sumu ya pombe mwilini, akiwa na miaka 42.

Baada yake milango ilianza kufunguka. Juni 2003 Trupti Patel, mfamasia aliyefiwa na watoto watatu, aliachiwa na juri. Desemba 2003 Angela Cannings, naye wa watoto watatu, alitolewa gerezani, na Aprili 2005 akafuata Donna Anthony. Serikali ilipitia upya hukumu karibu 300 za wazazi na walezi waliotiwa hatiani kwa vifo vya watoto wadogo. Ila kesi inayoonyesha kwa ukamilifu wake gharama ya kuhesabu makaburi haikuwa Uingereza. Ilikuwa Australia, ya Kathleen Folbigg.

Watoto wake wanne walikufa kati ya 1989 na 1999, wa kwanza akiwa na siku kumi na tisa, wa mwisho akiwa na mwaka na miezi kadhaa. Mei 2003 juri katika jimbo la New South Wales lilimtia hatiani kwa kuwaua watatu kwa makusudi na mmoja bila kukusudia. Hapakuwa na dalili ya kukabwa kwenye mwili wa yeyote kati yao. Mmoja wa wavulana alikuwa na kifafa na upofu, na mtoto wa mwisho alikutwa na uvimbe kwenye misuli ya moyo. Kila kifo, kikitazamwa peke yake, kilikuwa na maelezo yanayoweza kukubalika. Upande wa mashtaka ulivikusanya pamoja, ukasema haiwezekani vyote vinne vikawa vya asili. Vifo vile vilikuwa kama mafiga chini ya chungu: kila kimoja kiliegemezewa kingine, na hakuna hata kimoja kilichosimama peke yake.

Kisha sayansi ikafika, kwa kuchelewa. Wataalamu wa vinasaba, akiwamo Carola Vinuesa aliyekuwa Canberra, waligundua kwamba mabinti wawili walikuwa wamerithi kutoka kwa mama yao badiliko katika kinasaba kiitwacho CALM2, kinachosaidia kuongoza mapigo ya moyo. Watafiti wa Denmark walipima protini inayotokana na badiliko hilo wakaona inavuruga kazi yake kwa namna inayoweza kuusimamisha moyo ghafla. Machi 2021 wanasayansi 90, baadhi yao washindi wa Tuzo ya Nobel, walitia saini ombi la msamaha. Jaji mstaafu Tom Bathurst aliongoza uchunguzi mpya, akaona kuna shaka ya msingi kuhusu vifo vya mabinti, akaona shaka kuhusu mvulana mwenye kifafa, na mafiga hayo yalipoondolewa, kesi ya mtoto wa kwanza haikuwa na pa kukaa. Folbigg alisamehewa tarehe 5 Juni 2023 baada ya miaka ishirini gerezani, na Desemba mwaka huohuo hukumu zote zikafutwa.

Zingatia tarehe. Aliposimama kizimbani mwaka 2003, kazi ya kusoma mpangilio mzima wa vinasaba vya binadamu ilikuwa ndiyo kwanza imetangazwa kukamilika. Uhusiano wa familia hiyo ya vinasaba na vifo vya ghafla ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2012, miaka tisa baada ya hukumu. Hakuna daktari duniani, hata mwadilifu na msomi kupita wote, ambaye angeweza kuwaambia juri ukweli huo siku ile. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba mahakama zinahitaji wataalamu bora. Wataalamu bora wa 2003 wangesema walichokijua, na walichokijua hakikutosha. Kilichohitajika ni mahakama inayoweza kusikia "hatujui" na kuiacha ikiwa "hatujui."

Mahakama nyingi hazikuweza, na naona sababu yake ni kwamba pengo la sayansi halikai wazi muda mrefu. Hujazwa, na kinacholijaza ni tabia ya mama. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini katika kesi hizi watu wasiomjua mtoto walijipa mamlaka ya kuamua uchungu huo unapaswa kuonekanaje. Lindy Chamberlain alipoteza binti wa wiki tisa usiku wa tarehe 17 Agosti 1980 karibu na mwamba wa Uluru, katikati ya jangwa la Australia. Alisema tangu dakika ya kwanza kwamba mbwa mwitu wa nchi ile, dingo, alimchukua mtoto hemani. Lakini mbele ya kamera hakulia vya kutosha. Sauti yake ilikuwa kavu. Yeye na mumewe mchungaji walikuwa Waadventista Wasabato, kanisa ambalo Waaustralia wengi hawakulijua, na uvumi ukaenea kwamba jina la mtoto lilikuwa na maana ya kafara jangwani. Ikaja sayansi kuubariki uvumi: mtaalamu wa maabara alisema amekuta damu ya mtoto mchanga ndani ya gari la familia. Mwaka 1982 Lindy alifungwa maisha, akiwa mjamzito. Baadaye ilibainika kuwa sehemu ya ile "damu" ilikuwa dawa iliyopuliziwa kiwandani kupunguza kelele za gari. Mwaka 1986 koti la mtoto likapatikana karibu na mapango ya dingo, naye akaachiwa. Iliwachukua wachunguzi wa vifo hadi Juni 2012 kuandika rasmi kuwa dingo ndiye aliyesababisha kifo.

Kwa Folbigg, tabia ilitoka kwenye shajara. Mumewe aliipeleka polisi, na ndani yake mama aliandika lawama dhidi yake mwenyewe, hasira, uchovu, hofu ya kushindwa tena. Upande wa mashtaka uliisoma kama kukiri. Miaka ishirini baadaye wataalamu wa saikolojia na magonjwa ya akili waliieleza tume ya Bathurst kuwa ndivyo anavyoandika mama aliyefiwa anayejiuliza amekosea wapi. Aliyekaa matanga ya mtoto mchanga amewahi kusikia maneno kama hayo kutoka kwa mama asiye na kosa hata chembe: ningeamka mapema, ningemfunika, ningemwahisha hospitali. Kujilaumu ni lugha ya msiba. Mahakama iliichukua lugha hiyo na kuitafsiri kuwa lugha ya jinai. Na angalia mama hana pa kutokea: Lindy alihukumiwa kwa kutoonyesha hisia, Folbigg kwa kuziandika.

Upo upinzani mkubwa kwa yote haya, na haustahili jibu jepesi. Akina mama huua. Waneta Hoyt wa jimbo la New York alizika watoto watano kati ya 1965 na 1971. Wawili wa mwisho walichunguzwa na daktari Alfred Steinschneider, ambaye mwaka 1972 aliwaandika katika jarida la Pediatrics kama ushahidi kwamba vifo vya ghafla hutokana na kukatika pumzi usingizini, tena kwa kurithi. Makala hiyo iliongoza utafiti kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1994 Hoyt alihojiwa akakiri kuwaziba pumzi, na ingawa baadaye aliyakana maneno yake, mwaka uliofuata alitiwa hatiani. Philadelphia, Marie Noe, aliyezaa watoto kumi na kuwakosa wote, alikubali mahakamani mwaka 1999 kuwaua wanane. Na mwaka 1997 daktari David Southall na wenzake walichapisha matokeo ya kamera zilizofichwa katika vyumba vya hospitali za Uingereza: kati ya watoto 39 waliohofiwa kudhuriwa, 33 walionekana wakifanyiwa ukatili, wengi wao wakizibwa pumzi na mzazi. Anayesema mambo haya hayatokei anawaacha watoto wasioweza kusema mikononi mwa anayewaua.

Nayakubali yote. Ila tazama yanathibitisha nini. Steinschneider alikuwa na nadharia, na watoto wawili wa Hoyt waliifaa, hivyo akaacha kuuliza, ingawa wauguzi waliomwona mama yule wodini walikuwa na wasiwasi. Meadow naye alikuwa na nadharia, na watoto wawili wa Clark waliifaa. Mmoja aliona ugonjwa palipokuwa na muuaji, mwingine akaona muuaji palipokuwa na bakteria, na wote wawili waliruka hatua ileile: kumchunguza mtoto huyu, mwili huu, nyumba hii, kabla ya kumweka kwenye kundi. Kamera za Southall, kwa upande wake, hazikuhitaji hesabu yoyote. Zilionyesha mkono juu ya pua. Huo ni ushahidi, na kwa ushahidi wa namna hiyo mahakama haina sababu ya kusita. Jambo la kusikitisha ni kwamba Southall huyohuyo, baada ya kumtazama mume wa Clark kwenye kipindi cha televisheni, aliwaambia polisi kuwa baba ndiye aliyewaua watoto. Safari hii hakuwa na kamera wodini. Alikuwa na televisheni sebuleni, na mwaka 2004 baraza la madaktari likamkuta na hatia ya utovu mkubwa wa maadili ya kazi.

Wapo wanaosema pia kwamba madaktari wakiadhibiwa kwa ushahidi wao, wataogopa kuripoti watoto walio hatarini. Hofu hiyo si ya kupuuza. Meadow alifutwa kwenye daftari la madaktari mwaka 2005, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamrudishia usajili wake. Nami sioni kwamba kumfuta kungemfaa mtu yeyote. Lakini kuna milango miwili hapa, na vizingiti vyake havilingani. Daktari akiona mtoto aliye hai na dalili asizozielewa, kizingiti cha kuripoti na kumlinda mtoto kinapaswa kuwa chini, maana kosa linaweza kusahihishwa kesho. Kizingiti cha kumfunga mama maisha kwa mtoto aliyekwisha kufa kinapaswa kuwa juu kabisa. Kumwomba daktari avuke wa kwanza kwa wepesi na wa pili kwa uzito si kumtisha. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliandika jambo hili Januari 2004 katika kesi ya Cannings: pale wataalamu wanaoheshimika wanapotofautiana kwa dhati kuhusu chanzo cha kifo, na sababu ya asili haiwezi kuondolewa, mashtaka ya mauaji yasifunguliwe wala kuendelezwa bila ushahidi mwingine wenye nguvu.

Mpinzani wa mwisho ndiye mgumu kuliko wote. Mtoto akizibwa pumzi kwa mto, mwili wake unaweza usiache alama yoyote. Kanuni ya Cannings ikifuatwa, baadhi ya wauaji watakwenda nyumbani. Ni kweli, na anayetetea kanuni hii lazima aseme hivyo waziwazi bila kutafuna maneno. Lakini hiyo ndiyo bei ambayo sheria hulipa katika kila kosa jingine, kwa wizi na kwa uhaini, na sijaona sababu inayoeleza kwa nini mama peke yake auziwe haki kwa bei ya juu zaidi. Tena kumfunga asiye na kosa hakumlindi mtoto. Mwaka 1989, jimboni Missouri, Patricia Stallings alituhumiwa kumpa mwanawe sumu ya maji ya rejeta. Mtoto akafa. Mama akiwa mahabusu alijifungua mwingine, akanyang'anywa, akalelewa na watu wengine, na huko huko, mbali na mikono ya mama, akaugua vilevile. Alikuwa na ugonjwa wa kurithi wa mwili kushindwa kuchakata tindikali fulani, na maabara zilikuwa zimeichukulia tindikali iliyotokana na ugonjwa huo kuwa sumu ya rejeta. Hata hivyo juri halikuelezwa kuhusu ugonjwa wa mdogo mtu, na Stallings alifungwa maisha mapema 1991. Aliachiwa mwaka huohuo, baada ya wanasayansi waliomwona kwenye televisheni kuipima upya damu ya marehemu.

Mambo haya yana mzizi hata huku kwetu. Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na cha 210 cha Kenya vinarithi sheria ya Uingereza: mama anayemuua mtoto wake wa chini ya mwaka mmoja, akili yake ikiwa imevurugika kwa uzazi au kunyonyesha, haadhibiwi kama muuaji wa kukusudia. Ni sheria yenye huruma. Lakini huruma hiyo huanza pale tunapokubali kwamba kitendo kilitokea. Kwa mama ambaye hakufanya lolote inaweza kuwa mtego, kwani kukiri kosa dogo ili kukwepa kubwa ni kishawishi kikali kwa mtu mwenye kilio, asiye na wakili wa maana, na ambaye tayari anajilaumu usiku kucha. Na kabla ya mahakama kuna kijiji, ambako anayezika mtoto wa tatu huitwa mkosi au mchawi kabla hajafika polisi. Hata hivyo kijiji hichohicho kina kumbukumbu ambayo juri la Chester halikuwa nayo. Katika jamii nyingi za ukanda huu, mtoto anayezaliwa baada ya wenzake kufa hupewa jina la kukatisha tamaa, ili kifo kimwone hana thamani kimpite. Majina hayo ni rekodi ya akina mama waliofiwa tena na tena bila hatia, wengi kiasi cha kuhitaji desturi yao wenyewe. Nchi tajiri zilipofanikiwa kupunguza vifo vya watoto, jambo ambalo sote tunaliombea, mama wa makaburi mawili alibaki peke yake katika mtaa wake, na upweke huo ukaanza kufanana na hatia. Vifo vinapungua Dar es Salaam na Nairobi pia.

Daktari wa hospitali ya wilaya anayeletewa mwili wa mtoto mchanga, huku askari akisubiri nje na ndugu wakibishana, ana fomu yenye mstari wa chanzo cha kifo. Kila kitu kinamsukuma aujaze. Anaweza kuandika kwamba hakikujulikana, aeleze alichokiona na asichokiona, na ahifadhi sampuli. Hilo la sampuli ni dogo kuliko yote na ndilo lililoamua kesi ya Folbigg. Vinasaba vilivyomtoa gerezani vilisomwa kutoka kwenye mabaki ya maabara, yakiwamo matone ya damu yaliyochukuliwa kisiginoni watoto walipozaliwa, yakakaushwa kwenye vipande vya karatasi. Mhudumu fulani aliandika jina na tarehe, akaweka karatasi kwenye kabati. Zilikuwapo siku juri liliposoma uamuzi wake.